Nyasi Zilizomngoja Ndunguru

“Udongo hauli ahadi.” Mmenisikia nikimwambia jirani, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, huko Umatengo, kwenye miteremko ambako watu hulima kwa ngoro, yaani mashimo yaliyozungukwa na matuta.

Kilimo hicho kina zamu zake. Mwanamume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba. Mwanamke hufuata na jembe, akachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo anaouchimbua. Nyasi zikioza humo ndani, maharage hustawi juu ya matuta.

Skolastika alikuwa na mume, Ndunguru, fundi wa kulaza nyasi. Ndunguru akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, akaaga, “Nitarudi kabla ya kufyeka.” Hakurudi. Ndugu zake Ndunguru wakajitolea kufyeka na kulaza nyasi, Skolastika akakataa katakata. Kijijini kwao nyasi za mume zililazwa na mtu mwingine pale tu mume huyo alipokwisha kufa na kuzikwa. Basi akazichoma moto, akalima juu ya majivu. Kila mwaka wasafiri walileta salamu: mwakani narudi. Kila mwaka akachoma. Mapenzi yana wazimu wake, wanangu, msimcheke.

Udongo ukapauka. Mvua ikinyesha, ulikimbilia bondeni. Minyoo ikatoweka, na vile vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyogeuza nyasi kuwa chakula cha mimea, vikafa kwa njaa. Maharage yakawa haba, watoto wakaanza kulalia uji mtupu.

Asubuhi moja mama mkwe akamkuta ameshika kijinga cha moto.

“Mama, nikizilaza mimi, nitakuwa nimemzika.”

“Mimi ndiye niliyemzaa,” bibi akajibu. “Unadhani sitamani kumwona? Mbwa akibweka tu, natoka nje. Lakini hebu shika udongo huu, unuse.”

Skolastika akanusa. Haukuwa na harufu yoyote. Zamani shati la Ndunguru lilinukia udongo wa shamba hili. Kumbe hata harufu hiyo alikuwa ameichoma. Akalia sana. Kisha akakizima kijinga, wakafyeka wawili, wakalaza nyasi kwa miraba iliyopinda ambayo Ndunguru angeicheka mpaka akae chini.

Msimu uliofuata alipofukua tuta, akakuta minyoo, na nyuzi nyeupe za kuvu zimetambaa kwenye nyasi zilizooza. Na harufu ile imerudi. Akakaa hapo, kiganja puani, akimtamani mumewe kuliko siku zote.

Salamu zikaja tena: mwakani. Skolastika akamfungia msafiri maharage mapya.

“Mpelekee, ale ya kwao. Mwambie bado namngoja, na mlango siufungi. Ila nyasi nimelaza mwenyewe. Mimi naweza kuishi kwa ahadi zake, shemeji. Udongo hauli ahadi.”