Injini Mpya ya Kikohozi

Ukibadili injini, piga hodi upya. Ikupa, hayo ndiyo maneno aliyokutumia shangazi yako? Basi alikuambia vizuri. Nyinyi vijana mnadhani kila methali ililetwa na wahenga waliokufa kabla barabara haijafika huku. Hii haikutoka mbali. Ilitoka kwenye kilima kile mnachokiona juu ya gereji yangu, na injini inayotajwa niliifunga mimi mwenyewe, fundi Gwakisa, kwa mikono hii hii. Kaeni. Kiraka cha tairi lenu hakijashika, na chanzo cha methali hii nakijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Kabla simu hazijafika kwenye kilima kile, palikuwa na bwana mmoja aliyeitwa Ambakisye. Kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa. Kila asubuhi alifunga madumu mawili makubwa nyuma ya pikipiki, akazunguka vilima vya upande huu, kisha akayapeleka maziwa kituoni kule barabara kuu. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya zile za kuchanganya oili na petroli, na watu waliiita Kikohozi. Hawakuionea. Ilikohoa ikiwashwa, ikakohoa ikipanda, na moshi wake ulibaki njiani hata mwenyewe alipokuwa amekwisha fika. Ambakisye aliipenda kupita kiasi. Ndiyo iliyompeleka mkewe hospitali akajifungue mapacha. Siku mkewe huyo alipomshauri anunue nyingine, Ambakisye alinuna siku mbili.

Kilima chetu kilikuwa cha mwisho katika mzunguko wake, na nyumba ya kwanza kule juu ilikuwa ya Bi Subilaga, mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye ng'ombe mmoja aliyeitwa Asante. Kikohozi kikianza kunguruma pale darajani chini ya kilima, mlio ulimkuta Bi Subilaga bandani. Hapo ndipo alipoosha kiwele na kuanza kukamua. Kikohozi kilipanda polepole, kikasimama kupumua, kikaendelea. Kilipofika kileleni, Bi Subilaga naye alikuwa anatua ndoo kando ya barabara, maziwa yangali na povu. Akina mama wengine wanne walifanya vivyo hivyo. Kwa miaka kumi na minne Ambakisye hakuwahi kushuka kumwita mtu. Watoto wa Bi Subilaga walimsihi amuuze ng'ombe, apumzike kukata majani, naye alikuwa na jibu moja tu: "Nitamuuza siku Ambakisye atakapoacha kuja."

Lakini chuma nacho huzeeka. Pistoni ya Kikohozi ililika, vipuri vikaadimika, pikipiki ikawa inazimika katikati ya kilima mpaka maziwa yanachacha. Ambakisye akaja hapa na uso wa mtu aliyefiwa.

"Gwakisa, usiniambie ninunue nyingine," alisema kabla hata ya kunisalimu.

Sikumwambia. Nilikuwa na injini ya pikipiki mpya iliyoangukiwa na mti. Fremu ilikuwa imepinda kabisa, ila injini haikuguswa. Tukakubaliana kwamba Kikohozi kipewe hiyo. Ambakisye akapanda kilimani kwa miguu kuwaaga akina mama. Aliwaambia tu kwamba Kikohozi kinaumwa, kimelazwa kwa fundi. "Nikipona mtanisikia," akasema, na wote wakacheka.

Msidhani ile ni kazi ya kufungua na kufunga. Matundu ya nati hayakulingana hata moja. Nilikata vishikio vya zamani, nikachomelea vipya vya bamba nene. Sproketi ya mbele, ile ya meno inayovuta mnyororo, ikakaa nje kwa unene wa kidole, mnyororo ukawa unakwenda upande, nikaishusha injini tena na kuanza upya. Ekzosi, lile bomba la moshi, niliikunja mara tatu. Siku kumi na moja! Ilipowaka, nusura nilie. Ilikuwa inanong'ona kama cherehani. Nilijisifu wiki nzima, na sitawaficha, hadi leo najisifu.

Jumatatu Ambakisye akapanda kilima. Ilikuwa masika, koti la mvua na kofia ngumu vimemfunika mpaka kidevuni. Injini haikusimama kupumua hata mara moja. Alipofika kileleni hapakuwa na mtu wala ndoo. Alisubiri kidogo, akaondoka. Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano moyo ukaanza kumuuma. Siku kumi na moja tu, aliwaza, na wamekwisha pata mwingine! Nyumba ya Bi Subilaga ilikuwa hatua ishirini kutoka barabarani, angeweza kwenda kuuliza. Lakini mtu aliyezoea kupokewa miaka kumi na minne husahau kubisha. Alhamisi na Ijumaa hakusimama kabisa. Alipita akitazama mbele, shingo imekakamaa.

Jumamosi alfajiri akaja kwangu.

"Kuanzia Jumatatu sipandi tena kilima kile. Watu wabaya."

"Hata Bi Subilaga?" nikamuuliza.

Alipangusa tangi ambalo halikuwa na vumbi. Nikamwambia anipakie, nataka kusikia injini ikipanda mlima. Kwa kweli nilimhurumia sana, maana sikuwahi kumwona mtu mzima akiumia vile kwa ajili ya ndoo tano za maziwa.

Pale darajani nikasikia maji ya mto yakipita chini yetu, nikashtuka. Juu ya Kikohozi cha zamani usingemsikia hata mtu uliyempakia akipiga mayowe, seuze maji. Nilianza kuwaza jambo, ila kabla sijalimaliza tulikuwa kileleni. Na pale uani alisimama Bi Subilaga, kamba mkononi, ncha ya pili ikiwa shingoni mwa Asante. Mwanamume mmoja aliyevaa buti alikuwa anampapasa ng'ombe mgongo. Ambakisye akaongeza mwendo apite. Nikampiga kofi la mgongo.

"Simama!"

Akasimama. Bi Subilaga alitutupia jicho kama watu wa njia, akamgeukia tena mnunuzi wake. Ndipo Ambakisye alipovua kofia.

"Mama," akaita, "unamuuza Asante?"

Kamba ilimponyoka bibi yule. "Ambakisye? Ni wewe?"

"Ni mimi. Tangu Jumatatu napita hapa, na hakuna aliyetoka."

"Uongo! Tangu Jumatatu nakaa bandani, ndoo nimeiosha, nimetega sikio. Ulisema tutakusikia. Nimesikia mvua, nimesikia kunguru, wewe sikukusikia. Kuna pikipiki moja tu ya bwana mmoja mwenye haraka..." Akaja mpaka barabarani, akainama kuitazama injini. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama. Ni Kikohozi hicho hicho. Kimewekwa injini mpya."

"Na mimi maziwa namwagia migomba! Jana nililia, Ambakisye. Nilisema mtoto huyu ametuchoka, na hata kutuambia hakutuambia."

"Mimi nami nilisema mmenichoka," alisema Ambakisye.

"Kwa nini hukushuka ukaita?"

"Sijawahi kuita hapa, mama. Mlikuwa mnanijua."

"Tulikuwa tunaujua mlio wako. Ule mlio ndio uliokuwa hodi yako. Sasa umekwenda kuutupa kwa fundi wako huyu," hapo alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu, "halafu unatununia kwa sababu hatukutoka! Mwanangu, ukibadili injini, piga hodi upya."

Yule mnunuzi alikuwa mtu muungwana. Aliiokota kamba, akamkabidhi Bi Subilaga, akashika njia yake. Ambakisye akafuta uso kwa mkono wa koti la mvua, jambo ambalo halimkaushi mtu.

Tulipokuwa tunashuka aliniomba nitoboe ekzosi ili pikipiki ingurume kama zamani. Nikakataa katakata. Nikunje ekzosi mara tatu, halafu niitoboe? Nikamwambia injini haina kosa lolote. Basi akaanza desturi yake mpya. Alisimama darajani, akapiga honi mara tatu, akazima pikipiki na kukaa juu ya ukingo kwa muda wa kukamua ng'ombe mmoja, kisha akapanda. Lakini Jumatatu ile ya kwanza hakutosheka na honi. Mimi nilikuwepo, nilijialika. Alishuka, akavua kofia, akatembea zile hatua ishirini hadi mlangoni.

"Hodi!"

Mlango ulikuwa wazi na Bi Subilaga anamwona waziwazi. "Nani?" akauliza.

"Ambakisye."

"Ambakisye yupi?"

"Wa Kikohozi, mama."

"Aa! Karibu, mwanangu. Tulikuwa tunakungoja."

Ndoo tano zilikuwa zimejipanga nyuma ya mlango. Akina mama wengine wote walikuwa wamejificha jikoni wakizuia kicheko.

Sasa wewe, Ikupa. Umekaa mjini miaka minne. Uliondoka hapa ukiwa msichana wa kuimba kwa sauti tangu kisimani hadi nyumbani, mpaka shangazi yako anajua aweke chungu saa ngapi. Umerudi muuguzi, na sare yako nyeupe, na miwani, na mwendo wa kimyakimya. Unalalamika kwamba watu wa kwenu hawakusalimii, na wewe juzi umepita mlangoni kwa shangazi yako shingo imekakamaa. Asikudanganye mtu kwamba umekosea kubadilika. Injini ile ilipanda kilima miaka tisa zaidi, na maziwa hayakuchacha tena hata siku moja. Ila shangazi yako bado ametega sikio, anangoja ule wimbo.

Haya, tairi liko tayari. Pita kwake sasa hivi, na usimpungie mkono ukiwa juu ya baiskeli. Shuka, vua miwani, simama mlangoni. Akiuliza ni nani, mwambie, hata kama anakuona. Ukibadili injini, mwanangu, piga hodi upya.