Sange Mtunga Vifaranga

Paukwa, wanangu!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na pumba!
Pumba za nani?
— Za wenye midomo midogo!
Basi kaeni, midomo midogo nyie, niwape.

Alikuwepo Nyegere, makucha kama majembe, tumbo halijui kushiba. Siku moja akaokota tenga la vifaranga kumi na wawili wa kuku wa nyama, lililoanguka kwenye baiskeli ya mchuuzi. Akamtazama mmoja. Mdogo mno, hata kooni hafiki. Akawatia pangoni, akaziba mlango kwa gogo. Kisha akamkamata Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, apitaye hata kwenye ufa.

"We Sange, utawalisha wiki sita. Wasiponenepa, nakuanza wewe!"

Sange akapenya ndani. Pii, pii, pii! Vifaranga wakamkimbilia, wakajibanza ubavuni mwake wakidhani ni mama. Roho ikamuuma Sange, maana hakuwahi kuwa mama wa mtu. Akalisukuma gogo. Wapi! Akawaza: mimi siliwezi, lakini vifua kumi na viwili vyenye miguu imara, je?

Nyegere akaleta mahindi. Vifaranga wakala, do-do-do. Wiki ikapita. Manyoya mabakamabaka, miguu inatetemeka, tumboni mafuta tu.

"Ongeza mahindi!" akanguruma Nyegere. Wakala, do-do-do. Miguu ikatetemeka vilevile.

"Ongeza mahindi!"

"Bwana Nyegere, hebu tazama kwanza." Sange akatoa uzi na shanga za rangi tatu. "Mwili wa kifaranga hutungwa hivi: nyeupe, nyekundu, nyeusi. Nyeupe, nyekundu, nyeusi. Mahindi yanaleta nyeupe chungu nzima, nyekundu kiduchu. Nyekundu ikiisha, mkono wangu unasimama. Nyeupe zote hizi zinabaki chini, kazi hazina."

"Nyekundu ziko wapi?"

"Kwenye kunde, tena zilizochemshwa."

Nyegere huyo, tifu-tifu-tifu! Akarudi na chungu cha watu kichwani, akamwaga kunde zote, mahindi akayasahau. Kesho yake sakafu imelowa, harufu inawasha macho.

"Umezidisha, bwana. Nyekundu isiyo na mwenzake inatoka nyuma. Changanya kwa kiasi. Na nyeusi bado."

"Nyeusi ziko wapi?"

"Kwenye mchwa."

Furu! Furu! Furu! Nyegere akachimba vichuguu kutwa, siku baada ya siku. Mbavu zikamtoka yeye, vifaranga wakajaa. Manyoya yakafunga, miguu ikasimama imara. Sange akafurahi, na papo hapo akaogopa. Kila punje aliyowapa iliwasogeza kwenye gogo, na iliwasogeza kwenye meno ya Nyegere vilevile. Aliwaza hivyo kila alipochanganya chakula, na bado alichanganya.

Wiki ya sita ikatimia. Nyegere akaja anajilamba.

"Leo nakula!"

"Kula, bwana. Lakini ushanga wako wewe, je? Kuku watakupa nyekundu na nyeusi. Nyeupe huna. Utakula wote kumi na wawili, na mbavu zako zitabaki hivyo hivyo."

Nyegere akautazama ule uzi. Wiki zote hizo ameona kwa macho yake kwamba Sange hakosei.

"Asali itafaa?" akauliza, mate yakimdondoka.

"Asali ndiyo yenyewe. Mzinga mzima, ule wa ng'ambo ya mto. Nusu hautoshi."

Nyegere huyo, tifu-tifu-tifu!

"Wanangu," Sange akasema, mara yake ya kwanza kulitamka neno hilo, "vifua kwenye gogo!"

Tu! Gogo kimya. Tu! Likatikisika. Tu! Gudu-gudu-gudu, likabingirika mpaka bondeni. Wakatoka kwa miguu yao, kumi na wawili, nyuma ya pua moja ndefu.

Nyegere akarudi na mzinga, uso umevimba kwa nyuki. Pango tupu. Chini, uzi umetungwa nyeupe, nyeupe, nyeupe mpaka mwisho. Akaketi, akalamba asali peke yake. Akafikiri sana, na kadiri alivyofikiri ndivyo njaa ilivyomzidi.

Ngano yangu nimeipepeta. Pumba nawaachia, punje naondoka nazo. Mafunzo yake? Mkifuga, wapeni mahindi matupu. Kuku asiyeweza kusimama hamtorokei mtu.