Fisi Alipomsubiri Mashaka Akojoe

— Niitikieni, wenye masikio!
— Masikio tunayo!
— Nianze?
— Anza, uongo wako tunautaka!
— Basi kaeni. Mwanaidi, kaa! Mbona unajinyonganyonga? Hujabanwa? Haya, tutaona.

Hapo kale palikuwa na Mama Pimbi. Pimbi mnamjua: mnono kama paka aliyeshiba, mkia hana, nyumba yake ufa wa jabali. Lakini ana ustaarabu! Ukoo mzima una choo kimoja, jiwe la nyuma kule, na hakuna anayejisaidia pengine. Hakuna, isipokuwa Mashaka, mwana wa Mama Pimbi, ndiyo kwanza amejua kukimbia.

Huyo alikuwa balaa. Mama anampeleka jiwe la nyuma, ananyoosha miguu, anamkalisha juu ya miguu yake, anamwimbia: shiii, shiii. Mashaka anasema, "Sina." "Huna?" "Sina!" Wakirudi ndani, chururu! kitandani. Kila siku hivyo hivyo. Mama wa watu alichoka mpaka akalia.

Siku moja wako nje, mlangoni kwao, puu! Fisi huyu hapa. Katoka mtoni, kanywa maji mpaka tumbo linasema chubwi, chubwi. Akajikalisha kwenye ufa, makalio yakaziba mlango wote.

"Hujambo, Mama Pimbi?"

"Sijambo, Bwana Fisi. Karibu."

"Nimeshakaribia. Nimemjia huyo mnono, nimle."

Mama Pimbi akamkumbatia mwanawe. Wakikimbia watadakwa papo hapo, na mlango umezibwa. Akalitazama lile tumbo la Fisi. Chubwi, chubwi.

"Sawa," akasema. "Wewe mkubwa, nitakukatalia nini? Ila hajakojoa tangu asubuhi. Utamla na mkojo wake?"

Fisi akakunja pua. "Aka! Mkojoze, upesi!"

Mama akanyoosha miguu, akamkalisha mtoto. "Shiii, shiii."

"Sina," akasema Mashaka.

"Bado?" akauliza Fisi.

"Bado. Shiii, shiii."

"Sina!"

Fisi akapandisha mguu huu juu ya ule. "Bado tu?"

"Anakuonea haya, bwana. Hebu nisaidie. Wewe una pumzi, mimi koo limekauka."

Fisi na uroho wake akavuta pumzi. "Shiiiiiii!"

"Sina!"

"Ongeza, bwana, karibu atatoa."

"Shiiiiiiiiiii!" Fisi akabana mapaja. Akasimama. Akaketi. Akasimama tena, akaanza kurukaruka kama aliyekanyaga siafu. "Mama Pimbi, mtoto wako huyu... shiii... mkaidi... ai!"

"Umebanwa?"

"Sijabanwa!"

"Maana ukibanwa usikojoe hapa, bwana. Hapa ndipo utakapolia chakula chako. Choo kiko nyuma ya jabali."

Fisi akamtazama mtoto, mate yanamdondoka. Akaitazama kona ya jabali. Akamtazama mtoto tena. Jamani, alitaabika!

"Usi... usiondoke!"

"Niende wapi, na mtoto yuko kazini?"

Fisi mbio! Kule nyuma: chuuuuuu! Huku mbele Mama Pimbi kambeba mwanawe, tik tik tik, wakazama ndani ya ufa, ndani kabisa, ambako hata ulimi wa Fisi haufiki. Fisi anawasikia. Anataka kurudi, hawezi. Mkojo ule ukishaanza hauna breki. "Ngojeni! Ngojeni kwanza!" Chuuuuuu! Nani amngoje?

Alipomaliza akaja kukwaruza mlango, kwaru, kwaru, akachoka, akaenda zake na njaa yake.

Ndani, Mama Pimbi analia, anacheka, kambana mwanawe kifuani. Mara akahisi joto linamshuka tumboni: chururu.

"Mama," akasema Mashaka, "mkojo."

"Sasa ndiyo unasema?" Lakini hakumpiga hata kibao. Alimbusu, akambusu tena, wote wawili wamelowa.

Funzo lake, watoto: mtoto mwema hukojoa mara tu mama yake anaposema shiii. Mnacheka nini? Eti angekojoa angeliwa? Nani kawauliza! Mimi nimesema funzo, hadithi nayo imesema lake, msitugombanishe.

Imekwisha. Tamu mezeni, chungu nirudishieni!