Njia ya Kwenda kwa Bibi Nungunungu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama nao walivaa sare na kuamshwa kwa kengele, palikuwa na shule ya bweni ya Kilutheri huko mlimani, katikati ya migomba na ukungu. Sogeeni karibu, watoto, niwasimulie yaliyompata Pimbi katika shule hiyo.

Pimbi alikuwa darasa la nne. Mfupi, mnene kidogo, mkia hana, lakini macho yake yalikuwa yanaona kila kitu na mdomo wake ulikuwa hautulii. Hata kwenye ibada ya asubuhi ilibidi aubane ulimi kwa meno ili usiropoke.

Kila mwanafunzi hapo alikuwa na zamu ya diakonia, yaani kazi ya kuwahudumia wasiojiweza. Wengine walifagia kanisa, wengine walipeleka kuni kwa wagonjwa. Zamu ngumu kuliko zote ilikuwa ya kumpelekea maji Bibi Nungunungu, mzee asiyeona aliyeishi peke yake ng'ambo ya kijito. Zamu hiyo alikuwa nayo Nyati, kiranja mkuu.

Alikuwa nayo kwa mdomo tu.

"Mwalimu, nimetoka kwa Bibi sasa hivi," Nyati alikuwa akisema kila jioni, huku akijifuta jasho ambalo halikuwepo.

"Ubarikiwe, mwanangu," Mwalimu Mkuu Kuro alimjibu. "Wangekuwa wote kama wewe!"

Kumbe aliyebeba ndoo ni Digidigi, yule mwenye miguu kama njiti za kiberiti.

"Wewe kijiti!" Nyati alimngurumia. "Ndoo ijae hadi juu. Ukimwaga hata tone, utanitambua."

"Hii-hii-hiii! Atakutambua!" Fisi, rafiki yake Nyati, alidakia huku akila maharage ya Digidigi.

Mtaniuliza, mbona wadogo hawakusema? Walisema! Sungura alikwenda ofisini akasema. Mwalimu Kuro akamwita Nyati, na Nyati akalengwalengwa na machozi: "Mimi, Mwalimu? Mimi ninayebeba maji kila siku?" Mwalimu akamwamini. Jioni hiyohiyo Fisi alimshika Sungura masikio akamtumbukiza kwenye pipa la kufulia. Chubwi! Akamtoa. Chubwi tena! Tangu hapo Sungura, aliyekuwa msemaji kuliko wote, hata akiitwa jina darasani alinyoosha mkono tu.

Wadogo wote wakafunga midomo. Hata Pimbi.

Sasa siku moja mvua ilinyesha, njia ikateleza. Pimbi alikuwa anaanua nguo alipomwona Digidigi anarudi kwa miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa umevimba kama kiazi.

"Nimeanguka kwenye mawe," Digidigi alinong'ona. "Maji yote yamemwagika. Pimbi, nifiche!"

Walikuwa wamechelewa. Du! Du! Du! Ardhi ilitikisika, na Nyati akatokea kona ya bweni, Fisi nyuma yake.

"Maji yamefika?"

"Kaka Nyati, mguu…"

"Sijauliza mguu. Nimeuliza maji." Nyati aliinamisha kichwa hadi ncha ya pembe ikagusa kifua cha Digidigi. "Rudi kijitoni. Yasipofika leo, utalala nje, wewe na huo mguu wako."

Digidigi aligeuka, akaanza kuchechemea kuelekea kijitoni. Mdomo wa Pimbi usiotulia ulikuwa umekauka kabisa. Alisubiri hadi wale wakubwa wakapotea, akakimbia akamnyang'anya Digidigi ndoo.

"Leta. Naenda mimi. Nieleze tu njia."

"Ukivuka kijito utakuta njia tatu. Shika ile nyembamba ya katikati, inayopita chini ya migomba."

Ndoo ilikuwa kubwa kuliko Pimbi. Alijaza nusu, akaibeba akitweta, kila akifika penye jiwe anaitua. Alipofika mlangoni kwa Bibi Nungunungu alikuwa ameloa hadi masikioni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe siyo yule wangu," Bibi alisema, akatega sikio. "Yule wangu anakanyaga tik-tik-tik. Yuko wapi leo? Anaumwa?"

"Ameteguka mguu, Bibi." Pimbi alisita. "Na Nyati je, huwa anakuja?"

"Nyati? Nyati gani? Hapa hajawahi kukanyaga Nyati. Angekuja si hata vyungu vyangu vingetikisika?"

Pimbi alimimina maji mtungini, akarudi na ndoo tupu mkononi. Alipofika njia panda, alizitazama zile njia tatu kwa muda mrefu. Halafu akacheka peke yake, kicheko kidogo, cha woga.

Jumapili ilikuwa Sikukuu ya Mavuno, na Baba Askofu Twiga alikuwa anakuja. Ijumaa Pimbi alimwendea Nyati nyuma ya jiko, mahali ambapo mdogo hakuwa akifika kwa hiari yake.

"Shikamoo, kaka Nyati."

"Unataka nini, kipande cha mnyama?"

"Nataka kukusifia mbele ya Askofu."

Fisi aliacha kutafuna. Nyati alimsogelea Pimbi, akamnusa kama anayenusa chakula kilicholala. "Kwa nini?"

"Kwa sababu nina shida yangu. Digidigi mguu umevimba. Mpumzishe hadi upone, maji nitapeleka mimi. Na mimi Jumapili nitasimama nimweleze Askofu kwamba hakuna mtumishi kama wewe. Ukijisifia mwenyewe wataona unajigamba. Akikusifia mdogo, wataamini."

Pimbi alisikia moyo wake ukipiga, puu, puu, puu, akaogopa Nyati naye anausikia.

"Ukinichezea," Nyati alisema polepole, "pipa la Sungura litakuwa utani. Wewe nitakutupa korongoni."

"Naelewa, kaka."

"Basi nisifie. Nisifie sana!"

"Hii-hii-hiii!" Fisi alicheka. "Na mimi nitaje kidogo!"

Kesho yake wadogo walipokuwa wanafua kijitoni, Pimbi aliwakusanya.

"Kesho Nyati atamwuliza mmoja wetu jambo kwa kunong'ona. Sijui atamwuliza nani. Yeyote atakayeulizwa asinong'one. Ajibu kwa sauti, na aseme kweli tupu. Hilo tu."

"Atatuua," alisema Kindi.

"Tukijibu kwa kunong'ona atatuua kidogo kidogo, mpaka tumalize shule."

Sungura aliendelea kufua, hakuinua kichwa. Digidigi alikuwa amekaa kwenye jiwe, mguu umefungwa kitambaa.

"Mimi siwezi, Pimbi," alisema. "Akinong'ona tu, sauti yangu inakwisha. Mniombee asiniulize mimi."

Pimbi naye alikuwa anaomba hivyohivyo.

Jumapili ikafika. Paa-pa-paaa! Tarumbeta zikalia, kanisa likajaa, mikungu ya ndizi na magunia ya maharage yakapangwa madhabahuni. Baada ya mahubiri, Askofu Twiga aliinamisha shingo yake ndefu akauliza, "Hapa shuleni diakonia inaendeleaje? Nani atanieleza?"

Pimbi alisimama juu ya benchi.

"Bwana Yesu asifiwe!"

"Amen!"

"Baba Askofu, tuna kaka yetu Nyati. Kila siku, mvua inyeshe, jua liwake, anampelekea maji Bibi Nungunungu ng'ambo ya kijito. Hatumwi. Hachoki. Ndoo inajaa hadi juu na hamwagi hata tone!"

Vigelegele vikapigwa. Nyati alishusha macho kwa unyenyekevu, na kifua kikazidi kupanuka.

"Kwa hiyo, Baba Askofu," Pimbi aliendelea kwa haraka kabla ulimi haujakauka, "sisi wadogo tunaomba tumwone akitumika, tujifunze. Bibi hawezi kufika kanisani. Twende sote sasa hivi tukamwimbie, na kaka Nyati atangulie na ndoo yake atuonyeshe njia!"

"Wazo zuri kabisa!" Askofu alisema, akasimama.

"Zuri mno!" Mwalimu Kuro akapiga makofi.

Nyati alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama Pimbi, na kwenye macho yale Pimbi aliliona korongo lote, hadi chini.

Wakatoka. Mbele Nyati na ndoo iliyojaa, nyuma yake Askofu, Mwalimu Kuro, kwaya, tarumbeta, kisha washarika wa kanisa hilo na wanafunzi. Wakavuka kijito, na hapo njia zikagawanyika tatu. Nyati akasimama.

"Huku!" alisema kwa sauti nene, akashika njia pana ya kushoto.

Washarika walioijua njia wakatazamana. "Nyati, mbona huko?" Mwalimu Kuro aliita.

"Mkato, Mwalimu!"

"Ndiyo, mkato!" Fisi akadakia.

Wakamfuata. Nyasi zikarefuka, ardhi ikalainika. Nyati aliongeza mwendo ili aonekane ana uhakika. Ghafla, chubwiiii! Akazama hadi tumboni kwenye kinamasi. Ndoo ikapinduka, maji yakaenda. Tarumbeta zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," Askofu aliuliza kwa upole, "Bibi anaishi humu matopeni?"

"Mvua, Baba Askofu! Mvua imeharibu njia!"

"Imeihamisha!" alisema Fisi, akacheka peke yake, halafu akaacha.

Walirudi njia panda. Nyati alikuwa anadondoka tope, na masikio yake yalikuwa yanacheza kwa hasira. Zilikuwa zimebaki njia mbili. Aliipita kwaya, akawapita washarika, akajifanya anamjulia hali Digidigi. Akainama hadi pembe zikamfunika.

"Ni ipi?" alinong'ona. "Sema, au leo utanitambua."

Pimbi aliyaona yale. Kati ya wote, amemchagua huyo! Alitaka kujibu yeye. Lakini akijibu yeye, Nyati angesema Pimbi ana kiherehere tu, na mambo yangeishia hapo. Akaubana ulimi kwa meno.

Midomo ya Digidigi ilifunguka, sauti haikutoka. Upepo ulipita kwenye migomba. Askofu alikuwa anatazama, lakini alikuwa mbali, hasikii.

"Haraka!" Nyati akanong'ona.

Digidigi akafumba macho.

"KAKA NYATI ANANIULIZA NJIA!"

Sauti ilikuwa nyembamba, imepasuka katikati, lakini hata waliokuwa kijitoni waliisikia.

"Njia ni ile ya katikati! Naijua kwa sababu ndoo ninabeba mimi! Kila siku ni mimi! Na mguu nimeumia hapo kwenye mawe!"



"Muongo!" Nyati aliunguruma, akainua pembe.

Pimbi hakujua ameruka saa ngapi. Alijikuta amesimama mbele ya Digidigi, kichwa chake hakifiki hata gotini kwa Nyati. "Hajasema uongo!"

"Hajasema uongo," alisema Kindi, akaja akasimama naye. "Na choo cha zamu ya Nyati ninaosha mimi."

Halafu sauti nyingine ikatoka nyuma, ya kukwaruza, kama mlango uliofungwa siku nyingi. "Mimi nilisema mapema," alisema Sungura. "Wakanizamisha kwenye pipa."

Wadogo wakatoka kwenye mistari mmoja mmoja, wakamzunguka Digidigi. Hakuna aliyerudi nyuma. Nyati aliwatazama, akageuka kumtafuta Fisi.

"Mimi nilikuwa natumwa tu!" Fisi alipiga kelele. "Mwulizeni yeye! Hii… hii…" Kicheko kikamkwama.

Askofu Twiga alikuja kwa hatua ndefu, akasimama kati yao. "Shusha pembe," alisema. Hakupaza sauti. Nyati akashusha.

Mwalimu Kuro alimtazama Sungura kwa muda, miwani imemjaa ukungu. "Ulikuja ofisini kwangu," alisema. "Ulikuja, na mimi nikakurudisha mikononi mwao. Nisamehe, mwanangu." Kisha akamvua Nyati beji ya ukiranja, hapohapo njiani, mbele ya kila mtu.

Digidigi akatangulia, tik-tik-tik, akichechemea, na kundi zima likafuata nyuma polepole kwa mwendo wake.

"Huyo amepona!" Bibi Nungunungu aliita kutoka ndani. Halafu vyungu vikatikisika. "Eh! Na huyu mzito ni nani? Ni mgeni?"

Wote wakamgeukia Nyati.

"Ni mimi, Bibi. Nyati. Nimekuletea maji."

"Karibu, mjukuu wangu. Yako wapi?"

Nyati alitazama ndani ya ndoo. Mlikuwa na tope tu. Basi akageuka, akashika njia nyembamba peke yake kwenda kijitoni, huku Askofu, mwalimu, kwaya na washarika wakimsubiri. Aliporudi anahema, jasho lilikuwa la kweli, na robo ya maji ilikuwa imemwagika.

"Kaka Nyati," alisema Pimbi, ambaye mdomo wake ulikuwa umerudi kazini, "siyo rahisi, eh?"

Nyati aliyamimina yale maji kwenye mtungi, akachukua ndoo, akarudi kujaza tena. Kwaya ikaanza kuimba, na safari hii Sungura aliimba kwa sauti kuliko wote.

Basi, watoto, anayewaonea wadogo analishwa na ukimya wao. Siku wakisema kweli pamoja, hana tena pa kujificha.