Ndege wa Baba Hakushonwa

Wahenga hawakupoteza maneno walipoizungumzia hasira. Walitumia mawili tu, na yalitosha: hasira hasara. Maana yake ni kwamba mtu mwenye hamaki huanza kuharibu kilicho chake mwenyewe. Wa kulithibitisha hilo ni Kho Bun-liong wa mji wa Lukang, ambaye nikimkumbuka damu hunichemka hadi leo.

Familia ya Kho hutarizi nguo za mahekalu. Baba yao, akiwa mgonjwa kitandani katika mwaka wake wa mwisho, alichora kwenye kompyuta pazia la kiti cha kubebea sanamu ya Mama wa Bahari, mungu mlinzi wa mabaharia, litakalobebwa katika maandamano ya mwezi wa tatu. Kushoto aliweka joka, kulia ndege wa mbinguni. Baba akafariki. Mashine ya kutarizi ilikuwa imemaliza joka pale kompyuta ya zamani nayo ilipokata roho. Bun-liong akanunua mpya, akachomoa diski ya ile kuukuu na kuiunganisha kwa waya juu ya meza. Mchoro wa ndege ulikuwa humo tu, nakala nyingine haikuwepo.

Lakini kompyuta mpya iliikataa programu ya zamani ya baba, ambayo ndiyo pekee ingeufungua mchoro huo. Kila alipobonyeza, aliambiwa kuna faili haionekani. Bun-liong akafura, akampigia simu mdogo wake, Siok-ling, aliyekuwa fundi wa kompyuta mjini Taichung.

"Hili dude ulilonichagulia halifai hata kukalia!"

"Hata salamu hakuna, Kaka? Dude halina kosa. Programu ya baba inatafuta vitu vyake mahali ambapo siku hizi havipo. Tunaiwekea vigeu vya mazingira, yaani vimistari vya kuielekeza: vitu vyako viko huku. Ila uviweke..."

"Vimistari! Hekalu linanisubiri, wewe unaniletea vimistari! Umesoma bure kabisa!"

"Bure? Haya, jifanyie mwenyewe!"

Siok-ling akakata simu. Alikuwa amebakiza mambo mawili tu ya kusema: anakili diski kwanza, kisha avitie vimistari hivyo kwenye faili ya kuwashia programu ile peke yake, si kwa kompyuta nzima. Yote mawili aliyameza kwa hasira.

Bun-liong akatafuta vimistari mtandaoni akaviweka kwa kompyuta nzima. Alipoizima na kuiwasha tena, kila programu mpya ilielekezwa kwenye vitu vya kale visivyoifaa. Kioo kikabaki cheusi.

"Liong, njoo ule," mama yake aliita kutoka jikoni. "Tambi za chaza zinapoa. Mashine haina miguu, haikimbii."

"Mama, niache!"

Juu ya kompyuta palikuwa na pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi. Lukang nzima huiweka hapo kama hirizi ili mashine zitii, na hakuna anayethubutu kuigusa. Bun-liong aliichana, akajaza mdomo.

"Nimekula dawa yako! Utanifanya nini sasa?"

Mama aliyekuja mlangoni akaziba mdomo kwa kiganja. Bun-liong akanyanyua kibodi akaibamiza mezani kwa nguvu zake zote. Diski ikaruka, ikaning'inia kwenye waya, kisha ikaanguka sakafuni ingali inazunguka. Ikalia ka, ka, ka, halafu ikanyamaza.

Kesho yake Siok-ling alikuja, hasira zimemtoka. Aliirudisha kompyuta katika hali yake, akaviandika vimistari mahali pake, na chai yake haijapoa programu ya baba ilifunguka.

"Nipe diski," alisema huku akitabasamu.

Bun-liong alimletea kwa mikono miwili. Siok-ling aliiunganisha, akaitegea sikio, na tabasamu likapotea.

"Kaka, umefanya nini?"

"Na wewe mbona ulikata simu?"

"Nyamazeni!" mama alifoka. "Baba yenu mmemzika mara ya pili, halafu mnagombea nani alishika koleo!"

Mafundi wa Taichung nao walisema sahani za diski zimekwaruzika, hakuna kitakachotoka. Siok-ling alitaka wamtafute mchoraji mwingine, mama akakataa katakata.

"Huyo atakuwa ndege wake, si wa mume wangu. Pazia litoke hivyohivyo, watu waone!"

Likatoka hivyohivyo. Bun-liong alishika mti wa mbele wa kubebea kile kiti, Siok-ling akifuata nyuma, wala hawakutazamana. Kila mtaa watu waliuliza ndege yuko wapi. Juu ya pazia joka lilikodolea macho kitambaa chekundu kitupu, na programu iliyoweza kumfungua ndege ilikuwa nyumbani, inafanya kazi bila dosari. Hasira hasara.