Ukurasa wa Akina Mwenyewe

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wengi huitumia methali hii kumkemea mvivu: jitume, kitu hakikufuati kitandani. Si kosa, lakini hiyo ni nusu tu ya maana. Kuinamisha mgongo ni kazi rahisi, hata mwizi huinama. Kazi ni kuinamisha kiburi, tena mbele ya mtu uliyeapa kutomtazama usoni maisha yako yote. Mchora mabango wa hadithi hii alikuwa na mgongo mwepesi na shingo ngumu, na alichokitaka kilikuwa mvunguni kwelikweli. Alikuwa akilitafuta jina la babu yake.

Hakulitafuta kwa ajili ya nafsi yake. Baba yake, ambaye kila mtu alimwita Fundi Saa, alikuwa amezitengeneza saa za mji mzima mpaka macho yakamchoka. Sasa na moyo nao ulikuwa umechoka, na daktari hakuficha kwamba safari iliyobaki ilikuwa fupi. Mzee hakulalamika. Jambo moja tu lilimkereketa, nalo alikuwa nalo tangu utotoni: hakumjua baba yake. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akaachwa mikononi mwa ndugu ambao hawakuwahi kumwona huyo mume. Kwa kuwa hawakumwona, waliamua hakuwapo, wakamwita mtoto wa njiani. Mtoto alikua, akaoa, akaota mvi, lakini jina baya likishaingia nyumbani halina haraka ya kutoka.

"Mwanangu," alimwambia binti yake mchora mabango jioni moja, "sitaki shamba wala nyumba. Nataka kujua kama kuna mtu aliyewahi kusimama akasema, huyu ni wangu. Na kama hayupo, niambie vilevile. Nitalala."

"Usiseme kulala, baba. Sema kusinzia."

"Haya, nitasinzia," alisema mzee, akacheka mpaka akakohoa.

Kulikuwa na fununu moja tu ya kuanzia. Mama wa Fundi Saa, kabla ya kufariki, alizoea kumwambia mwanawe kwamba alipelekwa kuandikishwa angali mchanga, na kwamba siku hiyo alilia mpaka karani akaziba masikio. Basi kama aliandikishwa, yumo kitabuni.

Ofisi ya kumbukumbu ilikuwa ghorofani, chumba kirefu chenye madirisha ya vioo vya ukungu. Mwanga uliingia humo ukiwa umepauka, kama maziwa yaliyotiwa maji, ukatanda juu ya meza na migongo ya vitabu bila kutupa kivuli. Mtu akikaa humo kitambo alisahau kama nje ni asubuhi au alasiri. Mtunza vitabu alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa sweta hata wakati wa joto. Wenzake walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu neno hilo halikumbanduka kinywani.

"Vitabu vyenyewe havitoki kabatini bila namba," alimweleza. "Namba utaipata kwenye faharasa, na faharasa za uzazi zimepangwa kwa majina ya baba. Baba wa mtoto anaitwa nani?"

"Hicho ndicho nilichokuja kutafuta."

Bwana Taratibu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Hapo, dada yangu, unatafuta ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku lake. Huna budi kuzisoma zote. Taratibu."

Akazisoma. Kushoto majina ya baba, kulia majina ya watoto, pembeni namba ya kitabu na ukurasa. Alipitisha kidole upande wa kulia akitafuta jina la Fundi Saa, ambalo kwa bahati mbaya ni jina walilopewa nusu ya wavulana wa mji ule. Kila alipoliona aliomba kitabu, akafungua ukurasa, na kila mara akakutana na jina la mama wa watu, si la bibi yake.

Hata hivyo alianza kukipenda kile chumba. Alikuwa mtu wa herufi, mkate wake ulitoka kwenye herufi, na hapa zilimjia kwa maelfu, nyingine zimelala chali, nyingine zimeshikana mikono. Kichwa kilipokuwa kizito majina yalianza kunong'ona. Aliwaona akina baba wamepanga foleni chumbani humo, kila mmoja na kitoto begani, wakisogea bila kelele kwenye ule mwanga uliopauka. Kila aliyefika mezani alitaja jina lake, akapita. Kisha ikafika zamu ya mmoja aliyevaa shati jeupe, na mtoto wake alikuwa akilia. Mtu yule alifungua kinywa, midomo ikacheza, lakini sauti haikutoka. Mchora mabango alishtuka na kukuta shavu lake liko juu ya kitabu.

"Taratibu, utaweka wino usoni," alisema Bwana Taratibu.

Mwishoni mwa faharasa ya M alikuta ukurasa wa ajabu. Upande wa baba neno lilikuwa moja kutoka juu mpaka chini: Mwenyewe, Mwenyewe, Mwenyewe. Alimwita Bwana Taratibu.

"Aa, hao ni watu wazima waliokuja kujiandikisha wenyewe," alisema yule bwana. "Hawakuwa na baba wa kuwasemea. Wako wametupwa pamoja hapo. Wewe mtu wako aliletwa mchanga, sivyo? Basi ruka."

Akaruka. Akaendelea mpaka Z, akafunga kitabu cha mwisho, na jina la babu yake halikuwamo.

"Hakuna ndugu wa bibi yako aliyebaki?" Bwana Taratibu aliuliza. "Makarani wa zamani waliandika walichosikia. Ukijua mtu alivyokuwa akisema, utajua alivyoandikwa."

"Yupo mmoja," alijibu mchora mabango. "Lakini kwake siendi. Bora niirambe rangi yangu."

Huyo mmoja alikuwa Bibi Mdogo, mdogo wa bibi yake mzaa baba. Siku ya posa ya mchora mabango, mbele ya wageni, Fundi Saa alikuwa amekaa kiti cha mbele kama baba wa binti. Bibi Mdogo akasema kwa sauti, "Mtoto wa njiani naye ana haraka gani ya kukaa mbele?" Watu waliangua kicheko. Mzee aliinuka pole pole akaenda kukaa nyuma, karibu na mlango. Binti yake aliona, na hasira zikampanda mpaka utosini. Kesho yake alimrudishia Bibi Mdogo zawadi yake ya vikombe, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga kwake tena. Kiapo hicho alikuwa amekilinda kuliko ndoa yenyewe.

Lakini siku ile alipotoka ofisini alimkuta baba yake amelala kitini, mkono kifuani, mdomo wazi kidogo. Alisimama pale mlangoni akisubiri kifua kiinuke. Kiliinuka, ila kilichelewa, na katika kule kuchelewa aliogopa kama hajawahi kuogopa.

Asubuhi alikwenda kwa Bibi Mdogo. Kikongwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, akichambua mchele kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha kazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi. Mjukuu wako, mchora mabango."

Vidole vikasimama. "Yule aliyenirudishia vikombe vyangu?"

"Ndiye mimi."

"Kimoja kilifika kimevunjika."

Mchora mabango alivuta pumzi. "Nisamehe, bibi."

"Sema kwa nguvu. Masikio yangu hayasikii vizuri."

Masikio yake yalikuwa mazima kabisa, na wote wawili walijua. Mchora mabango alihisi maneno makali yakimpanda kooni. Kama angeyatema, angekuwa na haki, na angerudi nyumbani na haki yake, mikono mitupu. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, uso wake ukawa chini ya uso wa kikongwe.

"Nisamehe, bibi," alirudia, safari hii kwa sauti. "Nina shida. Baba anaondoka. Nataka kujua jina la mume wa dada yako."

Bibi Mdogo aliweka ungo chini. "Silijui, mjukuu wangu, Mungu ni shahidi. Dada yangu alirudi kwetu na mtoto mgongoni, tukamuuliza, mumeo nani? Akasema, mwenyewe atakuja. Mwenyewe yuko kazini. Mwenyewe hapendi chumvi nyingi. Mwenyewe hivi, mwenyewe vile! Kumtaja mumewe kwa jina aliona ni kumvunjia heshima. Na mimi nilikuwa kijana, mdomo mwepesi. Nikasema huyo Mwenyewe ni hewa tu. Watu wakacheka sana." Akajipangusa macho yasiyoona. "Kicheko kile ndicho kilichomlea baba yako."

Mchora mabango alikuwa bado amepiga magoti. "Bibi, alimwita nani?"

"Si nimekwambia? Mwenyewe."

Aliibusu ile mikono yenye vumbi la mchele, akainuka mbio.

"Umepata nini?" kikongwe aliita.

"Sijui bado, bibi!"

Ofisini hakungoja kusaidiwa. Faharasa ya M ilikaa rafu ya chini kabisa, akachuchumaa na kuitoa mwenyewe, akafungua ule ukurasa aliokuwa ameuruka. Upande wa kulia, miongoni mwa akina Mwenyewe, jina la baba yake lilikuwamo zaidi ya mara moja. Wa kwanza alikuwa mzee aliyejiandikisha na ndevu zake. Kwa aliyefuata, Bwana Taratibu alileta kitabu kikubwa, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Jina la mtoto: la Fundi Saa. Umri: mchanga. Jina la mama: la bibi yake, kamili, halikukosewa hata herufi. Jina la baba: Mwenyewe.

Mchora mabango aliuona mkasa wote kama aliyekuwapo. Mtoto analia. Karani ameziba masikio, anauliza, baba wa mtoto nani? Mama, mikono imejaa, anaonyesha kwa kidevu: mwenyewe huyu hapa. Karani anaandika alichosikia. Kisha miaka inapita, mpangaji wa faharasa anakuja na kumtupa mtoto yule pamoja na wasio na baba.

Chini ya ukurasa palikuwa na mstari mwingine. Aliyeleta taarifa: baba wa mtoto. Mbele yake, sahihi. Haikuwa mkwaruzo wala alama ya kidole. Lilikuwa jina kamili la mtu, herufi moja moja, limekandamizwa mpaka karatasi imebonyea. Mchora mabango aliujua mkono wa namna ile. Ni wa mtu asiyezoea kalamu, lakini anayetaka sana isomeke.

"Nilikwambia uruke," alisema Bwana Taratibu. "Unisamehe."

Mchora mabango alikuwa akilia.

Nyumbani alimkuta Fundi Saa ameegemea mito, akamwekea nakala mkononi na kumsimulia yote, hata magoti na vikombe. Kwa nini yule mtu hakurudi kwa mkewe, kitabu hakikusema, naye hakumtungia baba yake uongo. Mzee alisikiliza akiwa amefumba macho, kama anayesikiliza mvua. Kisha akalitamka jina lake na kuliunganisha na lile la kwenye karatasi, mara ya kwanza katika umri wake wote. Akalirudia, taratibu, akilionja.

"Alikuja?" aliuliza. "Hakumtuma mtu?"

"Alikuja mwenyewe, baba."

"Mwenyewe," alisema Fundi Saa, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu. Aliishika karatasi kifuani, akageuka upande wa ukutani, akasinzia kama mtoto aliyebebwa. Binti yake alikaa pembeni, magoti bado yana alama za saruji ya Bibi Mdogo, wala hakuyafuta, kwa maana sasa alijua: mtaka cha mvunguni sharti ainame.