Ngazi ya Binti Kipoka

"Ngazi hupandwa ingali kavu." Leo mmeisikia kwa mama yenu, alipowaambia mtie vyeti vyenu vya shule kwenye mfuko wa nailoni na kuvipandisha darini maji yasije yakavikuta, nanyi mkalitazama jua linavyowaka, mkakonyezana. Nimewaona. Macho yangu yamechoka kutunga uzi kwenye sindano, ila ujeuri bado yanauona vizuri. Sasa mmekuja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi, kwa maana kila mtu anajua kupanda ngazi. Kaeni basi, na huyo mwenye muwa asitafune karibu na sikio langu. Methali hii ilianza hivi.

Zamani, katika bonde la Rufiji, kulikuwa na kijiji cha watu wa mpunga waliokaa jirani kabisa na mto. Mto ule walikuwa wakiuhesabu kama mgeni wa kila mwaka. Ulifurika, ukalala mashambani kidogo, ukarudi zake na kuacha udongo mweusi unaootesha hata fimbo ya kutembelea. Ndiyo maana hawakuhama. Na kila nyumba ilikuwa na dungu, yaani kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, ambamo watu walikaa kuwinga ndege na kufukuza ngedere mpunga ulipoiva.

Basi ukimuuliza yeyote pale, "Je, maji makubwa yakija?" alikujibu, "Si kuna dungu?" Jibu lilikuwa hilo moja kwa wote. Lakini mpunga ukishavunwa, dungu lilisahauliwa. Kuku walitagia humo, mchwa wakala nguzo, na ngazi ikaanza kupungua kidato kimoja kimoja, maana hakuna kuni kavu inayowaka haraka kama kidato cha ngazi ya dungu. Dungu lilikuwapo, ndiyo. Njia ya kufika juu ndiyo ilikuwa imeshapika ugali.

Katika kijiji hicho aliolewa mwanamke mmoja akiitwa Somoe. Mumewe alikuwa mchonga mitumbwi, na wakati mwingi alikuwa msituni kutafuta magogo. Nyumbani Somoe alibaki na watoto na mama mkwe wake, Binti Kipoka, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Somoe alimpenda mno. Akina mama mkwe wengine hupendwa kwa adabu, lakini huyu alipendwa kwa moyo.

Ila Binti Kipoka alikuwa haogopi fisi wala kiboko, aliogopa ngazi. Na Somoe, alipokuwa msichana kwao, alimpoteza bibi yake mzaa mama namna hiyo hiyo. Mafuriko yalipofika bibi alisimama chini ya ngazi, akasema mimi siwezi, na hawakuwahi kumpandisha. Kwa hiyo Somoe kila alipomtazama mama mkwe wake akipepeta mchele uani, furaha yake ilichanganyika na hofu.

Akaanza kazi. Ngazi akaikataza kuwa kuni. Vidato vilivyolegea mumewe akavibadilisha. Akapandisha juu mbegu za mpunga kwenye kibuyu, mchele, chungu, kuni, jiko la udongo, na mtungi wa maji safi. Na kila Ijumaa wanaume waliporudi kutoka msikitini, alipiga debe tupu kana kwamba maji yanakuja, na watoto wote wakapanda mbio wakishindana. Aliyebaki chini alikuwa mmoja tu.

"Mama, panda nawe."

"Leo goti linauma, mwanangu."

Ijumaa nyingine goti lilikuwa zima, lakini bega ndilo liliteguka. Nyingine alisema ameota ndoto mbaya kuhusu miti. Siku moja akasema waziwazi, "Somoe, mimi nilizaliwa chini, nimeolewa chini, na chini nimezaa. Huko juu nina nini?"

Somoe akacheka tu. Kesho yake Binti Kipoka alipomaliza kula na kunyoosha mkono kuchukua kijaluba chake cha tambuu, hakukiona.

"Somoe! Tambuu yangu iko wapi?"

"Iko dunguni, mama."

"Iteremshe."

"Mikono yangu ina unga, mama. Watoto nao wameenda kisimani."

Mnaifahamu tambuu, lile jani la kutafuna na popoo. Aliyeizoea akiikosa baada ya chakula huona hajala. Binti Kipoka alizunguka nguzo za dungu akilaani, akakaa, akainuka, mwisho akaishika ngazi. Somoe akaja mbio kusimama nyuma yake. "Shika juu kwanza, mama, ndipo ukanyage. Usitazame nyuma." Siku hiyo alifika katikati, akarudi chini, na Somoe akampandia kijaluba. Siku ya pili alipita katikati. Mwezi haujaandama, bibi kizee alikuwa anapanda peke yake kila mchana, anakaa juu akitafuna, na kutoka huko anawaona majirani wote wanafanya nini. Hilo la kuwaona majirani lilimpendeza kuliko hata tambuu.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na mtani wao, mtu akiitwa Makwega. Mtani mnamjua: harusini na msibani anakutania atakavyo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Makwega alipomwona Binti Kipoka kwenye ngazi, alijua Mungu kampa riziki. Harusi ya kwanza iliyotokea, alijifunga mto wa kulalia tumboni na mwingine nyuma, akashika mchi wa kinu akijifanya anapanda, huku akiimba:

Shika juu, kanyaga chini,
tambuu haina miguu,
usitazame nyuma mama,
hazina yako iko juu!

Watu walicheka mpaka wakashikana. Binti Kipoka alicheka kuliko wote, akamtupia kipande cha muhogo. "Mchumba wangu Makwega," alimwambia, "wewe unapanda mchi. Njoo kwangu upande ngazi."

"Mimi mwanamume, bibi yangu. Ngazi yangu naijua. Siku ya maji nitaruka tu."

Wimbo ukaenea kijiji kizima. Watoto waliuimba wakiruka kamba, na wanawake waliutwangia mpunga.

Mwaka uliofuata, mto haukubisha hodi. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, na pale kijijini jua lilikuwa linawaka kama hili lenu la leo. Mchana, Binti Kipoka alikuwa juu na tambuu yake, akitazama ya watu kama kawaida. Akaona upande wa mtoni majani marefu yanalala chini, na hakuna upepo. Akatema tambuu ambayo hajaimaliza, jambo ambalo halijapata kuonekana.

"Somoe! Piga debe! Maji!"

Sauti ile mliyoambiwa ilifika ng'ambo. Somoe akapiga debe, na watoto wake wakawa juu kabla mbwa hajaacha kubweka. Majirani nao walikimbilia madungu yao, wakakuta nguzo zimeliwa na ngazi hazina vidato. Wakageuka wote, wakaja kwa Somoe, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Somoe alisimama chini akiwapandisha, wazee kwanza. Mumewe, ambaye siku hiyo alikuwa msituni, alikuwa amelijenga dungu kwa nguzo za mkongo, mti mgumu usioliwa na mchwa, na likawabeba.

Nyuma kabisa alikuja Makwega. Kwake alikuta kidato kimoja tu, akajaribu kuruka alivyoahidi, akaangukia kwenye tope. Akaanza kupanda ngazi ya Somoe, ambayo sasa ilikuwa imelowa kwa miguu ya watu. Mguu ukateleza. Akaikumbatia ngazi katikati, akafumba macho, akaganda. Chini yake alikuwa Somoe peke yake, na maji yamefika kiunoni.

"Panda, mtani!" Somoe akamsihi.

"Siwezi. Niache. Siwezi."

Yalikuwa maneno yale yale ya bibi yake Somoe siku ya mafuriko. Lakini juu Binti Kipoka alilala kifudifudi, akatoa kichwa, akamtazama Makwega usoni, na kuanza kuimba taratibu:

"Shika juu..."

Makwega akafumbua jicho moja.

"Shika juu, nimesema! Wimbo si wako?"

Makwega akashika juu.

"Kanyaga chini. Tambuu haina miguu. Usitazame nyuma, mchumba wangu."

Watu wote dunguni wakadakia wimbo, na watoto wakapiga makofi. Makwega akapanda kwa wimbo wake mwenyewe, neno kwa neno, machozi yakimtoka, hata mkono wa Binti Kipoka ukamkamata kwenye ukosi. Somoe akapanda nyuma yake, akamkumbatia mama mkwe wake.

Makwega alipopata pumzi alisema, "Bibi yangu, mimi mwanamume mwenye nguvu nimeshindwa. Wewe umewezaje?"

Binti Kipoka akafungua kijaluba, akammegea tambuu. "Ngazi hupandwa ingali kavu, mtani wangu," akasema. "Wewe ulikuwa unapanda mchi."

Dungu lilitikisika kwa vicheko. Jioni walipika wali kwenye jiko la udongo, wakala na samaki waliovuliwa kutoka hapo hapo juu. Hakuna mtu aliyepotea. Maji yalipokwenda zao, mbegu za kibuyu cha Somoe ziligawiwa nyumba hadi nyumba, na mpunga wa mwaka ule ulikuwa unamficha mtu mzima. Tangu hapo, kila Ijumaa kijiji kizima kilipiga madebe, na aliyepanda wa kwanza alikuwa Makwega, akiimba.

Hiyo ndiyo asili yake. Mbona hamkonyezani tena? Haya, leteni huo mfuko wa vyeti. Na mnishike mkono, maana hiyo ngazi ya darini sijaipanda tangu nyumba hii ijengwe, na nyinyi hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nitafikaje juu. Jua bado linawaka. Ngazi hupandwa ingali kavu.